Jina la Kuazima

Kadi ilikuwa na nafasi sita.
Mama aliilipia kwa zamu yake ya upatu
mwaka ambao kweli tulikuwa sita:
baba, yeye, mimi, Mhando na mapacha.

Kisha mama mdogo akafia Pongwe.
Sikudhani akaletwa kwetu Ngamiani juu ya keria ya baiskeli,
ndoo ya nguo mapajani,
kifua kikimlia kama bawaba isiyoonja mafuta.

Wa saba.
Ofisini wakasema: subirini kadi iishe muda.
Kifua hakikusubiri.

Usiku ule mama alichutama mbele yake.
"Jina lako nani?"
"Sikudhani."
"Siyo. Jina lako nani?"
Pumzi ikapanda, ikakwama, ikapanda tena.
"Mwantumu."

Mimi nilikuwa macho, shuka hadi puani.
Nililisikia jina langu likifunguliwa mlango,
likipakiwa kwenye baiskeli,
likienda Makorora bila mimi.

Baba husimulia: karani aliita "Mwantumu!"
na mtoto akageuka nyuma
kutazama kama nimeingia.
Karani aliona.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaandika.
Simjui mama yule. Sijui nyumbani kwake walikuwa wangapi.

Wakamvisha kinyago cha mvuke hadi adhana ya alfajiri.

Tangu hapo nikakatazwa kuugua.
"Jina lako liko kazini," mama alinitania,
na nilipokanyaga msumari uani
nikatiwa mafuta ya taa na chumvi, nikaambiwa, kaza meno.
Sikudhani ndiye aliyenishika mguu.
Hakunitazama usoni.

Juzi, Bombo, muuguzi kafunua faili langu kuukuu:
"Una pumu tangu utotoni."
Nikasema ndiyo.
Nikavuta pumzi ndefu, pana, isiyo na kona,
nikaona haya.

Tulilingana kimo, basi. Hiyo ndiyo bahati yote.
Barabara ya Kumi na Sita, kwa kina Sengasu,
wa saba alikuwa mchanga, miezi mitano,
na mle ndani hapakuwa na jina la kumtosha.