Robo Inchi kwa Kila Futi

Hamilton, Februari. Chumba cha chini ya nyumba.
Maji ya kufulia yamenifika kifundoni
na Bwana Drozd amesimama ngazi ya tatu,
suruali ameikunja, lakini hashuki.
"Lisikatwe," anasema. "Bomba hilo ni zima."

Si zima. Odete Furtado analigonga kwa mpini wa bisibisi
kutoka juu: ngo, ngo, ngo,
mpaka karibu na sakafu: pu.
Hapo kutu imekula ikashiba.

Mzee ananyamaza. Kisha ananiambia mimi
(mwanagenzi huambiwa yale ambayo fundi haambiwi):
miaka kumi na tisa alikuwa kiwandani, zamu ya usiku,
akimimina chuma cha kusubu
kwenye kalibu za mchanga uliolowa kidogo, si sana,
na mabomba kama hili yalitoka mekundu,
mtu hayasogelei hata kwa salamu.
"Huenda hili nililimimina mimi."

Nyumba hii imemzidi mzee umri.
Tunalijua hilo sote watatu.
Hakuna anayehesabu.

Kwanza tunalifunga juu, kwenye boriti.
Ghorofa mbili za chuma zinaning'inia hapo;
ukikata kabla ya kufunga
kanuni haitapata wa kumlaumu.
Kisha mnyororo wa kukatia, kiunoni mwake,
kaza, kaza,
kah!
Mkato safi. Ndani, njia iliyobaki
ingepitisha kidole gumba, kwa shida.
Kwenye kiungo cha zamani kuna katani nyeusi na risasi.
Risasi Odete anaitia kwenye kopo la kahawa.
Hasemi ya nini.

Kosa lilikuwa langu.
Nilivisha kola ya mpira mtupu, vibano viwili,
plastiki nyeusi huku, chuma kule,
nikairudia kuitazama kama mtu anayetazama viatu vipya.
Mkaguzi Petrie hakupandisha sauti.
Alilibonyeza bomba kwa dole gumba
nalo likashuka unene wa sarafu.
"Hapo," akasema, "ndipo karatasi itakapojikwaa.
Mpira huu ni wa kufukiwa ardhini. Toa."

Nikatoa.
Odete akaleta kola nyingine, yenye koti la chuma cha pua,
mpira wake mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili,
maana hawa wawili hawakuzaliwa na kiuno kimoja.
"Gundi haishiki chuma," akasema,
"na usiniambie habari za ndoa, kila mwanagenzi huniambia ndoa.
Hawa ni mtu na mkwewe.
Nyumba moja, mkeka mbalimbali."
Akanionyesha ule ukingo wa katikati ya mpira,
uzi mdogo tu, mahali ambapo kila mmoja hufika
akasimama.

Spana ikalia tki. Kibano hiki kidogo, kile kidogo,
usimalize mmoja kabla ya mwenzake.
Pimamaji juu ya bomba la ulalo:
povu lisikae katikati.
Maji hayaendi popote palipo sawa;
yanataka robo inchi kwa kila futi,
pungufu yanalala, zaidi yanakimbia na kuacha mzigo nyuma.

Tulijaza maji mpaka juu. Robo saa.
Mkaguzi alipitisha kitambaa kikavu kuzunguka kola,
akakitazama, akakikunja, akatia sahihi.

Kile kipande kilichokatwa mzee alikitaka.
Nilikibeba mwenyewe mpaka kibarazani;
kilinivunja mgongo, nacho hakikuwa na urefu wa mkono.

Kisha akapanda juu, akavuta maji ya choo,
na sisi chini tukayasikia yote:
yakija, yakipinda, yakiporomoka ndani ya plastiki,
kelele tupu, hadi yalipoingia kwenye chuma chakavu cha sakafuni
yakanyamaza.

Alisikia naye, kutoka ngazini.
"Haya," alisema. "Sasa nitajua kila anayekwenda chooni."

Anaishi peke yake.
Odete alifunga kisanduku cha vifaa, taratibu,
kibati kimoja baada ya kingine.