Vumbi la Sonara

Vrajilali afagia, Ndia Kuu kwa sonara,
Vumbi ajikusanyia, wenzake wamwona jura,
Kalibuni akatia, ikabaki chembe bora,
Ndiko ilikoanzia, nyumba ya saa na pete.

Leo duka lina shani, Nyali sasa lasimama,
Saa zetu kabatini, bei zake sitasema,
Mimi fundi wa pembeni, na lenzi nimeinama,
Ila vumbi la mezani, huwa twalizoa lote.

Juzi kaja Mwanasiti, na kikuku cha nyanyake,
Hakutaka hata kiti, akacheka peke yake:
“Kililiwa tupa, eti, ziko wapi chembe zake?”
Hazimo katika hati, nami nikameza mate.