Tundu la Ubavuni

Miaka minne nimeipakata kompyuta hii,
nimeifuta vumbi la Kanyenye kwa pindo la kanga,
nisijue ubavuni ina mdomo.

Lubinza ndiye aliyeniambia. Kibanda chake kiko
nyuma ya duka la asali, njia ya stesheni,
na mezani ana bisibisi tisa na jino la ng'ombe
ambalo hakuna anayeuliza la nini.
Alipitisha ukucha pembeni, akabonyeza,
kikaruka kipande cha plastiki, cheusi, kitupu.
"Hiki kilishikilia nafasi tu," akasema.
"Waliotengeneza walijua kuna kitu kitakuja."

Nilimwendea kwa aibu ya harusi.
Napiga video: Isevya, Cheyo, hadi Sikonge,
bibi harusi saa sita mfululizo,
na kumhamishia kwenye diski kwa matundu ya zamani
ni kazi ya usiku kucha, umeme ukipenda.
Usipopenda, unaanza upya.
Mzee Kapela alishanipigia mara saba:
"Mwanangu ameolewa, au bado anaolewa humo ndani?"

Nikalipa. Kadi ikaja kwa treni kutoka Dar,
imevishwa soksi ndani ya bahasha,
nyembamba kama biskuti,
matundu mawili, kila moja na ulimi wa buluu.
Lubinza akaisukuma. Tik.
Kompyuta ikanyamaza, ikafikiri,
ikakana: mgeni huyu haimjui.
Tukatafuta programu ya kuwajulisha.
Bando langu likaisha. Likaisha na lake.
Kisha diski ikagoma, ikakwaruza kwa ndani
kama panya kwenye debe la mahindi.
"Ina njaa. Kadi haina umeme wa kuigawia."
Akaichomekea waya wa pili, kwenye tundu la zamani,
ndipo ikazunguka.
Kasi ya kijana, chakula cha mzee.

Sasa habari ya mama.
Usiku wa kunakili ulikuwa na desturi yake:
anakuja na ungo wa karanga,
anakaa mkabala na ule mstari wa kijani.
"Umefika wapi?"
"Asilimia kumi na moja."
"Basi nikumalizie ya shangazi yako wa Urambo."
Harusi moja tulimenya debe zima.
Nikajua nani alimdhulumu nani ng'ombe,
nikajua jina la mtoto aliyenitangulia, asiyekaa.

Jana nikachomeka. Mama akaketi,
akapasua ganda la kwanza, la pili,
akasafisha koo: "Basi shangazi yako—"
Mstari ukajaa.

Karanga nne kiganjani mwake.
"Imekwisha?"
"Imekwisha."
"Yote? Na kulishana keki?"
"Na keki, mama."
Akazirudisha karanga unguni, moja moja.

Mzee Kapela amepata harusi yake, kaniongeza elfu kumi.
Kile kipande cheusi mama amekiomba,
amekitia kwenye kopo la vifungo,
hasemi cha nini.

Leo nimebonyeza kadi, ikaruka mkononi, ya moto.
"Lubinza anasema lazima ipumzike," nimemwambia.
Lubinza hajasema kitu.
Diski nimeichomeka kule kwa zamani.

"Umefika wapi?"
"Asilimia mbili."
Ameuvuta ungo.