Mhuri wa Nyama

Mhuri tuliokuwa nao ni wa ukaguzi wa nyama.
Binamu yangu wa idara ya mifugo aliuchukua ofisini Ijumaa,
akaniambia, Jumatatu asubuhi uwe mezani, la sivyo kazi sina.
Basi kila aliyetoa elfu tano mlangoni
nilimgonga juu ya kifundo cha mkono, wino wa zambarau,
maneno ya serikali ambayo maana yake ni:
hii yafaa kuliwa na binadamu.

Vichwa kumi na kimoja.
Nikahesabu tena, nikawatoa ndugu wanne wa mpiga ngoma,
nikamtoa mwenye baa.
Sita.

Ni nyuma ya duka la vipuri, Arua, unapoteremka kuelekea Enyau.
Jukwaa ni mbao nne juu ya kreti za soda;
ukikanyaga ya tatu, chupa hujibu.
Bendi yaitwa Kutu.
Candiru na gitaa, uzi wake mnene kabisa ni waya wa breki ya baiskeli.
Adriko na adungu ya marehemu babu yake,
kaipachika kinasa sauti alichoking'oa kwenye simu ya mezani,
kwa hiyo kila nyuzi ina mafua kidogo.
Onzima nyuma yao, mwashi, saruji bado kuchani,
anazipiga ngoma kama mtu anayedai mshahara wa miezi mitatu,
na ni kweli anadai.

Hatukujua kuna mpira.
Mwenye baa alijua.
"Pigeni tu," akasema, "sauti ya televisheni nitaizima.
Picha siwezi. Picha imelipiwa."

Wakapiga roki yao, skrini iko juu ya vichwa vyao,
na watu wakatazama nyasi za Ulaya, kijani kisichojua kiangazi.
Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mashine ya kusaga
iliyomla mama yake Candiru kidole.
Mtu akaagiza karanga.
Wa pili sikuuelewa; Kilugbara changu ni cha sokoni,
cha bei na chenji.
Nilielewa tu pale aliponyamaza katikati,
kimya kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi
na bado kina joto.

Hapo hapo, goli.

Baa ikaruka! Viti chini, bia juu ya shati la mwenzake,
mlinzi akalibusu rungu.
Candiru hakugeuka.
Aliinamisha kichwa, akasema, "Asanteni,"
akaupokea mlipuko wote ule kana kwamba ni wake.
Mlangoni niliona haya kwa niaba yake.
Halafu haya ikanitoka.
Shangwe haikuandikwa jina la mtu.

Mmoja hakuruka.
Kijana wa kuziba pancha, wa ng'ambo ya barabara,
aliyenilipa sarafu tupu, zinanuka gundi.
Alikuwa amekaa upande, kisogo kwa mpira,
anaangalia mikono.
Walipomaliza hakupiga makofi. Alinijia:
"Ule waya. Ni wa breki ya mbele au ya nyuma?"
Sijui, nikasema.
Candiru alisikia kutoka jukwaani, anakunja nyaya:
"Ya nyuma. Wa mbele ni mfupi, haufiki."
Kijana akaitikia kwa kichwa,
polepole, kama aliyeambiwa siri ya ukoo.

Elfu thelathini. Kukodi spika, ishirini na tano.
Iliyobaki tukala chapati ya mayai, watu wanne,
Onzima akiikata kwa kucha zake za saruji.
Wino mkononi mwangu ulikataa sabuni.

Candiru akaifunga gitaa mgongoni,
akapanda baiskeli ile ile, akashika mteremko.
Hatukumwona tena gizani,
tukasikia tu soli ya kiatu chake
ikikwaruza lami, ikiacha, ikikwaruza,
mpaka daraja.