Swali la Nne

Mhojiwa wa kumi na saba
alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa
nje ya wodi ya wanaume, Bombo,
anamenya chungwa la Muheza kwa kisu cha kukunja,
ganda halikatiki, mzunguko mmoja mpaka mwisho.

Nikamsomea fomu ya ridhaa.
Akauliza pa kutia dole gumba pako wapi.
Nikasema, sahihi tu inatosha.
“Kuandika najua, mwanangu.
Ila karatasi zote zilizoniponza nilizitia sahihi.
Hii naitia dole.”

Jina siliandiki, ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini hili si dodoso,
basi nitamwita Bi Mwanatumu,
jina ambalo si lake.

Usingizi?
“Nalala. Macho ndiyo hayalali.”
Nikazungushia tatu.
Chakula?
“Mdomo unakula.”
Nikakaa na kalamu hewani, kisha mbili.
La tatu alilipungia mkono, kama anafukuza nzi.

Dodoso lilitoka ng’ambo.
Mwaka wa tatu, muhula wa pili,
mimi na Kihiyo tulilitafsiri bwenini usiku mmoja.
Mtu mwingine akalirudisha kwenye Kiingereza
bila kuona lilikotoka,
na yale mawili yakafanana kama pacha.
Tukapongezana, tukanywa soda.
Hatukumpa mtu wa Ngamiani alisome.

Swali la nne.
Katika majuma mawili yaliyopita,
ni mara ngapi umepoteza hamu
ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?

“Hamu ya nini?”

Kanuni: usifafanue.
Rudia swali kama lilivyoandikwa, kwa sauti ileile.
Nikarudia.

“Hamu yangu mimi iko mle ndani,
kitanda cha sita, imetiwa mpira wa mkojo.”

Nikarudia mara ya tatu.
Akanitazama
kama mtu anavyoitazama redio iliyokwama.
“Haijapotea,” akasema. “Naijua iliko.”
Akanikatia nusu ya chungwa.
Kanuni hazikusema lolote kuhusu chungwa.
Nikala. Nikaandika sifuri.

Mwezi wa sita, chumba cha kompyuta,
feni inanung’unika juu yetu,
Dokta Singano akainama begani kwangu.
“Alfa yako iko chini. Unaona?
Swali la nne halipatani na wenzake.
Lifute, itapanda.”

Ana haki. Hesabu hiyo naijua,
somo lile nilipata A.
Lakini nikashuka na safu ya nne kwa kidole:
sifuri, sifuri, moja, sifuri,
sifuri,
wanawake thelathini na wanane wasiolala,
waliosubiri bomba la uani lifunguliwe
ndipo walie, wasisikike,
na karibu wote
hamu zao hazijapotea.

“Hitilafu ya tafsiri,” akasema.
Nikalifuta. Alfa ikapanda.
Kwenye mapungufu ya utafiti
niliandika mistari minne juu ya jambo hili.
Akaacha mmoja.

Kanuni: usirudi kwa mhojiwa.
Wiki moja kabla ya kutetea
nilirudi Bombo na machungwa kwenye mfuko wa nailoni.
Ndoo ilikuwepo. Juu yake mama mwingine,
mdogo kuliko yule, kajifunga khanga kiunoni,
hakumjua niliyemtaja, na ningemtajaje?
Kitanda cha sita, nikasema.
“Cha sita yupo wangu. Tangu juzi.”

Akaniuliza kama mimi ni nesi.
Hapana, nasoma saikolojia.
“Ndiyo nini?”

Nikafungua mdomo,
ile fasili ya mwaka wa kwanza ikaja yote,
tabia, na michakato ya akili,
ikafika kwenye meno.

Nikaketi sakafuni.
Nikaomba kisu, nikaanza kumenya.
Ganda langu lilikatika mara tatu.