Kaunta Buku la Kwaya Mbili

Mwaka ule kahawa iliingiliwa na chulebuni.
Baba alishuka Moshi mjini, akarudi na kaunta buku moja
badala ya mawili.
"La kwaya mbili hili," alisema, akilipapasa mgongo
kama anayeuza ndama.
"Mbele andika somo moja, nyuma jingine.
Daftari halina wivu."

Mbele nikaandika Baiolojia.
Nikalipindua kichwa chini, nyuma nikaandika Maarifa ya Biblia.
Bweni zima la Monika Mtakatifu lilicheka:
kwaya mbili, na zote zinaimba kwa pamoja!

Masomo mengine yalikuwa na madaftari yao,
ila hayakukubali kukaa humo.
Kwenye Kemia tulichovya litmasi nyekundu
katika maji ya majivu ya jiko la shule.
Ikageuka bluu. *Besi*, nikaandika.
Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu,
baridi ya Kibosho inauma masikio,
na kidole cha padre kiliponigusa paji
nilijihisi nabadilika rangi.

Kwenye Kiswahili: mkate, ngeli ya U-I.
Mkate umeliwa, mikate imeliwa.
Genoveva akanyoosha mkono.
"Na ule wa altareni, mwalimu?
Umeliwa, au ameliwa?"
Mwalimu Mlay alifuta ubao
ambao tayari ulikuwa safi.
"Hilo," akasema, "liko nje ya silabasi."

Kwenye Hesabu nilipima ugomvi.
Jirani yetu Makyao alisogeza mpaka hatua mbili.
Hatua mbili mara urefu wa kihamba:
migomba minne, mikahawa kumi na mmoja,
na kipande cha mfongo.
Miaka tisa yeye na bibi hawakusalimiana.
Hiyo tisa
sikujua niigawanye kwa nini.

Ikafika Novemba. Somo la mbele na somo la nyuma
yakaanza kuonana kwa mbali,
kama watu wawili wanaokutana kwenye njia nyembamba
na hakuna pa kupishana.

Jaribio la Sista Ludgarda, saa mbili asubuhi:
*Chora jani moja la nyumbani kwenu. Taja kazi zake mbili.*
Jaribio la Mwalimu Tesha, saa nne,
kati ya kikohozi na kikohozi:
*Eleza msamaha kwa mfano wa nyumbani kwenu.*
Nikafungua katikati.
Ukurasa ulikuwa umebaki mmoja.

Nikachora sale.
Refu, vena sambamba, monokotiledoni.
Kazi ya kwanza: kutengeneza chakula cha mmea.
Kazi ya pili:
bibi alilikata alfajiri, akalipiga fundo,
akavuka mpaka ule ule uliosogezwa
akiwa amelishika mbele kama mshumaa.
Hakusema neno. Mwenye kuletewa sale
hana njia ya kukataa; hata mkosaji, hata mkosewa.
Nami sijui hadi leo ni nani kati yao alikuwa nani,
maana aliyeibiwa ndiye aliyekwenda.
Makyao alilipokea kwa mikono miwili.
Kisha akauliza kama ng'ombe wetu ameshazaa.

Sikuandika namba ya swali.

Kaunta buku likapita mezani kwa Sista, likapita kwa Tesha,
likarudi.
Sista alisahihisha kutoka mbele, wino wa kijani,
akasimama hapo.
Tesha alisahihisha kutoka nyuma, wino mwekundu unaovuja,
naye akasimama hapo.
Kila mmoja, nadhani, aliona ni zamu ya mwenzake.
Ukurasa wangu haukuwa na tiki wala kosa,
ila doa moja pembeni, la chai
au la kidole kilichokaa muda mrefu.

Likizo baba alilifungua chini ya taa,
akapindua, akapindua tena.
"Na hapa umepata ngapi?"
Nikamwambia bado wanashauriana.