Zamu ya Usiku, Wete

Bi Mize kanishika mkono, sindano ingali hewani:
"Mwanangu, basi. Mshipa umejificha, usiutafute."

Mlangoni Faki, mwanawe,
tiketi ya boti mfukoni, ya Unguja, ya kesho.
Ananitazama mimi. Mimi natazama faili:
hamna mstari wa kuandikia neno "basi".

Nikairejesha sindano kwenye trei.
Nikamgeuza ubavu, nikamkanda kwa mafuta ya nazi
visigino vilivyokanyaga matawi ya mikarafuu
misimu arubaini.

Alfajiri akaomba chai.
Nikamdondoshea kwa pamba.
Akalamba midomo, akakunja uso:
"Haina sukari."

Faki akacheka, akalia,
akatoka mbio kutafuta sukari.
Tiketi kaisahau kwenye stuli.
Sikumwita.